Wazee walipotahiniwa barazani

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea mbele nakuomba unijibu swali moja, na ulijibu bila ya kumtazama aliyekaa karibu nawe. Ukiwa Mombasa, Makka iko upande gani: mashariki, magharibi, kaskazini au kusini? Lishike jibu lako, tutalirudia. Ukikosea usione haya, kwani mimi mwandishi wako nilikosea swali jingine, na aliyelipia kosa langu ni mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Mambo yenyewe yalianza Februari mwaka 2023, katika siku zile za kaskazi ambapo mtu hulala kando ya dirisha lililo wazi na bado akaamka fulana imeloa. Mjukuu wangu alinijia baada ya magharibi na daftari lake. Alikuwa darasa la sita, au gredi ya sita kama waitavyo wenyewe siku hizi.

"Babu, kwa nini mwezi huu una joto kuliko Julai?"

Sikufikiri hata kidogo. Nilimjibu kama mtu aulizwaye jina lake: "Kwa sababu miezi hii dunia hulikaribia jua, na ikifika Julai hujitenga nalo." Akaandika, akanishukuru, akaenda zake. Nami nikabaki kifua mbele, nikijiona kuwa kile kisomo changu kidogo cha shule bado chafaa kitu katika nyumba.

Baada ya wiki moja nililikuta daftari lile juu ya meza. Jibu langu lilikuwa limepigwa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Mtoto hakuniambia neno, adabu ilimzuia. Lakini nilitambua kwamba tangu siku ile maswali yake yalikuwa yakienda kwa mamake, na mamake akiwa jikoni au hana jibu, yakaenda kwenye simu. Mimi nikawa wa kupelekewa chai tu.

Nieleze mapema kilichoniumiza. Kukosea si ajabu, binadamu hukosea. Kilichoniuma ni kuwa nililitoa jibu lile kwa sauti ile ile ninayomfundishia Fatiha. Basi mtoto atajuaje ni lipi nilijualo kwa yakini na lipi nilibunilo?

Mwezi wa Mei, shule zilipofunguliwa, mwalimu wao akawapa kazi nyingine: kila mwanafunzi awaulize watu wazima maswali kumi ya jiografia na sayansi, yote ya darasa lao, aandike majibu kama yalivyotoka midomoni mwao. Nikasikia habari hiyo kwa mbali. Jioni ya pili yake nikamwona huyo yuaja barazani, daftari mkononi, kalamu sikioni.

Baraza letu liko Kibokoni, katika uchochoro ambao upepo wa bahari huufikia kwa taabu. Hukaa pale baada ya alasiri nahodha mmoja mstaafu ambaye ujanani alisafiri na majahazi mpaka Maskati. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Fundi wa saa. Mzee aliyekuwa karani bandarini Kilindini. Dereva wa teksi. Na muuza kahawa, ambaye hakai bali huzunguka na dele lake, ila siku ile alikaa. Mimi ni wa saba. Msichana akawasalimia wote, akawashika mikono wakubwa zake, akaomba ruhusa. Alipowahesabu aliwahesabu sita.

"Na mimi?" nikamwuliza.

"Sita wametosha, babu," akasema, na macho yake yalikuwa kwenye daftari.

Akaanza na swali lile nililokuuliza wewe. Makka iko upande gani wa Mombasa? Wanne kati ya sita wakajibu kwa mpigo: mashariki. Fundi wa saa akaongeza na sababu, kwamba Bara Arabu ni Mashariki ya Kati, na mashariki ni mashariki. Karani akasema kaskazini mashariki, kwa kuchanganya. Nahodha peke yake alinyamaza, akanyanyua fimbo yake, akaielekeza kule uliko mnara wa msikiti wetu, akasema: "Kibla ni kule. Na kule ni kaskazini. Nyinyi mwasali wapi?"

Pakawa kimya. Watu wale watano wamesali katika msikiti ule tangu utotoni. Mara tano kwa siku huzielekeza nyuso zao kaskazini barabara, bahari ikiwa mkono wao wa kulia na bara mkono wa kushoto, jua likiwachomozea kuliani na kuwachwea kushotoni. Miili yao yajua. Ukiwauliza kwa lugha ya shule, ulimi wajibu mashariki. Jina lile la Mashariki ya Kati alilibandika mtu aliyekuwa akitazama kutoka Ulaya, na kwake yeye ni kweli. Sisi tukalipokea jina bila ya kugeuza shingo.

Ukiitazama ramani utaona kuwa Mombasa na Makka zimekaa karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo. Mombasa iko kwenye nyuzi 39 na theluthi mbili mashariki, Makka nyuzi 39 na zaidi ya robo tatu. Tofauti hiyo haifiki hata robo ya uzi. Anayetoka hapa akaenda kaskazini moja kwa moja, bila ya kupinda, baada ya kiasi cha kilomita 2,800 atakuwa karibu na Haram. Kwa ajili hiyo jua hupindukia hapa na kule karibu dakika ile ile. Wazee wetu walilijua jambo hili vyema hata katika Kiswahili chao neno kibla likawa pia na maana ya kaskazini.

Hilo lilikuwa swali la kwanza tu. La pili liliuliza sayari za jua ni ngapi, na hapa ndipo nilipomhurumia mwalimu mstaafu. Alisimama kabisa, kama aliye mbele ya darasa, akazitaja zote kwa mfuatano mpaka Pluto. Tisa. Msichana akaandika, kisha akasema kwa upole, "Ni nane, mwalimu." Maana tarehe 24 Agosti 2006 wanajimu wa dunia walikutana Prague wakaamua kuwa Pluto isihesabiwe tena miongoni mwa sayari kubwa. Mzee wetu alistaafu miaka miwili kabla ya hapo. Likaja la tatu: nchi gani ya Afrika ni kubwa kuliko zote kwa eneo? "Sudan," akajibu, safari hii kwa sauti ya chini kidogo. Nalo likawa kosa. Tangu tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ilipojitenga ikawa taifa lake, kubwa kuliko zote ni Aljeria.

"Kwani nimewafundisha watoto wa watu uongo miaka thelathini?" akauliza, wala hakuwa akicheka.

"La, mwalimu," msichana akamjibu. "Wakati ule ilikuwa kweli."

Naliandika jibu hili kwa sababu sikulitarajia kwa mtoto. Tumezoea kumcheka msahaulifu, ilhali mwalimu wetu hakusahau hata moja. Kosa lake lilikuwa kukumbuka sana. Dunia aliyoihifadhi ilikuwa na Zaire, jina lililokufa mwaka 1997, na Urusi ya Kisovieti iliyovunjika mwaka 1991. Na dereva wa teksi, ambaye ni kijana kwake, bado aliuhesabu mji wa Lagos kuwa makao makuu ya Nigeria, hali serikali yao ilihamia Abuja mwaka huo huo wa 1991. Hata Kenya yenyewe tulisoma ina mikoa minane, na leo watoto wasoma kaunti arubaini na saba. Aliyepata vizuri maswali ya namna hii ni yule karani wa Kilindini, kwa kuwa husoma gazeti kila siku mpaka matangazo ya tanzia. Sisi tuandikao tukafurahi, lakini tukanyamaza.

Swali la mwezi lilizua mabishano makubwa zaidi. Kwa nini mwezi huonekana mwembamba, kisha nusu, kisha mzima? Fundi wa saa alikuwa na jibu tayari, na wengine wakalikubali kwa vichwa: ni kivuli cha dunia kinachoufunika. Hata mimi ningejibu hivyo. Nahodha akatikisa kichwa.

"Mwezi mwandamo wauona wapi?" akamwuliza fundi.

"Magharibi, baada ya jua kuchwa."

"Karibu na jua au mbali nalo?"

"Karibu."

"Sasa kivuli chako huwa upande wa taa, au upande wa nyuma yako?"

Fundi akacheka, akajifunika uso kwa kofia. Hakika sisi tunaokimbilia paani mwisho wa Shaabani kuutafuta mwezi tuna ushahidi wote mikononi. Mwezi mwandamo hukaa jirani na jua, upande mmoja nalo, na kivuli cha dunia hakina njia ya kufika huko. Hicho kimeelekea upande wa pili. Twaona ukingo mwembamba kwa sababu upande wake ulioangazwa umeligeukia jua, nasi twautazama karibu kwa nyuma. Ukifika usiku wa kumi na nne au kumi na tano, mwezi hutoka mashariki jua linapochwa magharibi, uso wake wote ukiangazwa mbele yetu. Ni katika usiku kama huo pekee ndipo kivuli cha dunia kiwezapo kuufikia, nako ndiko kupatwa kwa mwezi, kama ulivyopatwa usiku wa 27 Julai 2018 ukawa mwekundu kama kaa kwa saa moja na dakika 43. Kupatwa kwa jua huja mwisho wa mwezi, wakati mwezi usipoonekana kabisa. Nakumbuka Jumamosi ya 16 Februari 1980, kabla ya adhuhuri, maalim wetu wa chuoni alitutoa mbio kutupeleka msikitini kusali, na mchana ukififia kama taa iliyokwishiwa na mafuta. Tulikuwa wadogo na tuliogopa. Maalim hakuwa amesoma shule hata siku moja, lakini alitwambia tuhesabu tarehe: Rabiul Awwal ilikuwa imekwisha.

Nisiseme sana juu ya maswali mengine. La nazi na ndimu lilitupotezea nusu saa nzima. Vikiachiwa pamoja kutoka juu, kipi hufika chini kwanza? Wote wakasema nazi. Ikabidi kijana mmoja apande ghorofani, watoto wawili wakaziba uchochoro ili wapitao wasiumizwe, na vitu viwili vile vikaachiwa kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Vikaanguka kwa kishindo kimoja. Muuza kahawa akataka irudiwe. Ikarudiwa mara tatu, nazi ikapasuka, ikaliwa. Unyoya tungeuachilia ungechelewa, ila hilo ni kwa sababu ya hewa inayouzuia; mwaka 1971 Mmarekani David Scott alisimama juu ya mwezi, kusiko na hewa, akaangusha nyundo na unyoya, vikafika pamoja.

Na swali la maji ya mtungi, kwa nini hubaki baridi siku ya joto, nilikwenda nalo nyumbani usiku ule nikamwuliza bibi yake. Hakuacha hata kukuna nazi. "Mtungi hutoka jasho," akasema, "na jasho likikauka huondoka na joto. Mtungi uliopakwa rangi haupozi." Kama si daktari wa mitungi sijui ni nani.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni ya wazee wa Kibokoni tu. Mwaka 1987 ilitengenezwa filamu fupi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambamo watu waliokuwa na majoho yao ya kuhitimu, na walimu wao miongoni mwao, waliulizwa kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi. Kati ya watu 23 walioulizwa, 21 hawakuweza kueleza sawasawa, na wengi wao walijibu neno kwa neno kama nilivyomjibu mjukuu wangu: dunia hulikaribia jua. Mwaka 2012 Wamarekani walipoulizwa kama dunia hulizunguka jua au jua huizunguka dunia, mmoja katika kila wanne alichagua la pili. Na mwaka 2006, miaka mitatu baada ya majeshi yao kuingia Iraki, zaidi ya nusu ya vijana wa umri wa miaka 18 hadi 24 hawakuweza kuionyesha Iraki kwenye ramani. Unaweza kuipiga nchi kwa mabomu na usijue iliko.

Kusahau kwenyewe kumechunguzwa tangu zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akihifadhi silabi zisizo na maana na kujipima baada ya saa na siku, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: kilichohifadhiwa hupotea kwa kasi mwanzoni, kisha huendelea kupotea polepole. Karne moja baadaye, mwaka 1984, Mmarekani Harry Bahrick alitoa matokeo ya kuwapima watu 733 waliosoma Kihispania shuleni, wengine wao nusu karne nyuma. Akakuta kwamba wengi walipoteza mengi katika miaka michache ya mwanzo, lakini kilichosalia baada ya hapo kilikaa miaka ishirini na tano na zaidi bila ya kutikisika, na aliyesoma kwa muda mrefu na kwa kina ndiye aliyesaliwa na kingi.

Hilo sisi hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Juzuu ya Amma niliisoma chuoni nikiwa na miaka saba, kwa kuimba na kurudia na, nisifiche, kwa bakora. Ningali nayo, kwa kuwa kila siku naisomea sala. Makao makuu ya nchi za Afrika niliyaimba vile vile, ila nyimbo zile zilikoma siku ya mtihani, na baada ya hapo hapana aliyenitaka niseme Ouagadougou.

Lakini jibu langu la jua sikulisahau, na hapa nataka nijihukumu kwa haki. Sikuwahi kulijua. Nililitengeneza papo hapo kutokana na jambo ninalolijua, nalo ni jiko. Aliye karibu na moto huungua, aliye mbali huona baridi; hayo mtoto huyajua kabla hajaota meno. Nikalichukua jiko nikaliweka mbinguni. Ubaya wake ni kuwa kwetu sisi jibu hilo hufanana na kweli. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na hujitenga nalo zaidi mwanzoni mwa Julai, kiasi cha milioni 152. Maneno niliyoyasema yalikuwa na ukweli ndani yake, na jibu lilikuwa kosa. Mtu wa Mombasa anaweza kuishi miaka tisini akiamini hivyo, na kila Februari jasho lake likawa shahidi wake wa uongo.

Aliyenivunjia hoja ni shangazi yake huyo mtoto, binti yangu aishiye Toronto. Siku zile zile za Februari alikuwa akitupigia simu akiwa amejifunika makoti mawili, theluji imefika kwenye kizingiti cha mlango. Kama ukaribu wa jua ndio uletao joto, basi dunia ingepata joto yote kwa pamoja, Toronto na Kibokoni. Nilikuwa nikiyasikia maneno yake ya baridi kila wiki, na sikuyakutanisha na jibu langu hata mara moja.

Imesimuliwa kuwa Imamu Malik wa Madina alijiwa na mgeni aliyesafiri masafa marefu na mas-ala mengi. Alijibu machache, na mengi katika hayo akasema: sijui. Mgeni akastaajabu, atarudi kwa watu wake na jibu gani? Akaambiwa awarudishie jibu hilo hilo. Hadithi hii naijua tangu chuoni, na nimepata kuisimulia mbele za watu. Jioni ile ya Februari haikunijia.

Basi nikamwendea mjukuu wangu nikamwambia: "Nilikupa jibu la kubuni. Nisamehe. Sasa nataka unitahini na mimi." Akanitazama kwa muda, kisha akafungua daftari. Nilipata sita katika kumi. Mwalimu mstaafu pia alipata sita, karani saba. Nami nikamwomba jambo moja: Jumapili ya tarehe 28 Mei, saa sita za mchana, tupande pamoja juu ya paa.

Mafakihi na wanajimu wanaijua siku hiyo. Makka iko kwenye nyuzi 21 na kitu kaskazini ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua husimama wima juu ya Kaaba: mwishoni mwa Mei, tarehe 27 au 28, saa sita na dakika 18 za mchana kwa saa zetu, na katikati ya Julai, tarehe 15 au 16, saa sita na dakika 27. Popote ulipo, kama jua laonekana kwako wakati huo, ukilielekea jua umeielekea kibla. Wazee walihakikishia misikiti yao kwa kivuli, na Al-Biruni, zaidi ya miaka elfu moja tangu kuzaliwa kwake, aliandika kitabu kizima juu ya hesabu za kupata masafa na mwelekeo wa miji.

Tukapanda, mtoto na mimi, na nahodha nyuma yetu akipumzika kila ngazi ya tatu, dira yake ya zamani mfukoni. Tulisimamisha fimbo ya mita moja juu ya saruji. Saa sita na dakika 18 kivuli kilikuwa sentimita 48, kimelala kusini moja kwa moja, kimeupa mgongo msikiti. Chini yetu mgongo wa mihrabu ulikuwa umetokeza ukutani kuelekea kaskazini, na kivuli na mihrabu vilikuwa mstari mmoja. Nahodha akaweka dira yake sakafuni. Ilikubali.

"Kwa hivyo sasa jua liko juu ya Makka," msichana akasema.

"Liko juu yake. Na mwezi wa Machi, yapata tarehe kumi, lilikuwa juu ya kichwa chako wewe hapa, maana Mombasa iko nyuzi nne kusini ya ikweta. Fimbo ingekuwa haina kivuli. Litarudi mwanzoni mwa Oktoba."

Hapo ndipo alipoelewa, nami nikaelewa pamoja naye. Dunia huzunguka ikiwa imelalia upande, nyuzi 23 na nusu, na haibadilishi ulalo wake njia nzima. Miezi ya katikati ya mwaka huuelekeza upande wa kaskazini kwenye jua, na sisi wa Mombasa jua hutujia kwa mshazari, na kusi hutuletea mawingu na hewa ya baharini iliyopoa. Mwisho wa mwaka ulalo ule ule huuelekeza upande wa kusini kwenye jua, Toronto hubaki na jua la pembeni na mchana mfupi, nasi miezi ya Februari na Machi jua likirejea kupita utosini hupikika. Umbali wa jua kutoka kwetu hubadilika kwa sehemu moja tu katika thelathini. Jiko halisogei. Ni sufuria iliyoinama.

"Basi Desemba," akasema polepole, akihesabu kwa vidole, "kivuli kitalala upande wa kibla?"

Nilikuwa na jibu, lakini sikulitoa. Nikamwambia tutakuja kupima.

Desemba ile tukapanda tena, siku ya 21, saa sita na dakika 19. Nahodha alisema magoti hayamruhusu, akabaki chini barazani akipiga kelele kuuliza mmeona nini. Kivuli kililala kaskazini, juu ya mstari wa mihrabu, sentimita 35. Mtoto akaandika katika daftari jipya, kwa kuwa lile la kwanza lilikwisha zamani.

Tuliposhuka nahodha alikuwa amekwisha kuanza dawa yake ya kila siku. Katika mtihani wa Mei alipewa tano na nusu, kwa sababu alipoulizwa pepo za msimu huletwa na nini alijibu kwamba pepo hazina sababu, zina wakati. Jibu la kitabu ni kuwa bara la Asia likipata joto hewa yake hupaa na ya baharini ikavutwa kwenda huko, na likipoa mambo hugeuka. Msichana alimpa nusu kwa kuwa miezi yote aliitaja sawasawa, kuanza kwa kaskazi na kuanza kwa kusi, na siku za matlai katikati. Nahodha asema aliyevuka bahari kwa pepo hizo hapewi nusu. Mtoto asema swali liliuliza "kwa nini", halikuuliza "lini". Kila alasiri apitapo barazani hudaiwa nusu yake, na mpaka ninapoandika haya hajamlipa.